Chupa Aliyopelekewa Mama Wanyoike

Huruma, Eldoret
Jumatatu jioni

Mama yangu mpendwa,

Chamgei, Mama. Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje kwenye jua la asubuhi, mguu umenyooka juu ya kiti kama daktari alivyoagiza, wala si kule zizini ukibishana na ng'ombe. Nauliza kwanza habari ya nyonga yako. Ndugu yangu Kipkoech ananiambia siku hizi unafika mpaka getini kwa mkongojo mmoja, nami nilishukuru sana kusikia hivyo, maana nakumbuka wakati ambapo hata kugeuka kitandani ulikuwa unalia. Nauliza pia habari ya mahindi, kama yameota vizuri, na kama yule ndama wa mwisho ameacha kuharisha. Mimi mwili wangu ni mzima. Hapa mvua imekuwa ikinyesha kila alasiri na njia za Huruma zimegeuka tope, lakini tumezoea.

Najua utashangaa kupata barua badala ya simu. Masikio yako yamekuwa yakikusumbua, na kila tukiongea nusu ya maneno yanapotea njiani, kisha Sharon anachukua simu akueleze nilichosema. Leo sitaki Sharon akueleze nilichosema. Wewe ulifundisha watoto wa Moi's Bridge kusoma na kuandika mpaka ukastaafu, na miwani unayo. Nimempa Kipkoech akuletee mkononi. Tafadhali isome ukiwa peke yako, na uimalize.

Ulimtuma Kipkoech aniambie kwamba siku ya koito ya Sharon imepangwa, kwamba Murunga atakuja kuposa na wazee wa kwao, na kwamba unataka niwe jikoni tangu siku iliyotangulia, kisha nisimame mbele ya wageni kama dada mkubwa nimsemee mdogo wangu maneno mazuri. Ulisema nisipoonekana watu watauliza. Nimekaa na ombi hilo siku kadhaa. Jibu langu liko humu ndani, ila siwezi kulitoa kabla sijakueleza mambo ya yale maji ya waridi tangu mwanzo, namna yalivyonipata mimi. Uliyasikia, najua, lakini uliyasikia kwa mdomo mwingine.

Mume wangu Kigen aliponiacha nilikuja hapa na begi moja na nikapata kazi ya kuosha nywele kwenye saluni. Hayo unayajua. Mama Wanyoike alikuwa mteja wetu. Ni mjane wa Kikuyu, anaishi Kapsoya, na marehemu mume wake, Mzee Wanjohi, alikuwa na duka la pembejeo hapa mjini. Mwaka ule wa fujo za uchaguzi duka lilichomwa na vijana wa kabila letu, na majirani wao wengi wakahamia Nakuru wasirudi. Wao walirudi. Aliniambia kwamba mzee alipofika nyumbani aling'oa viazi vyote vilivyokuwa mbele ya nyumba akapanda maua ya waridi kuzunguka ua mzima, kwa sababu alikuwa amechoka kulima kama mtu anayengoja kufukuzwa. Ni yale maua ya zamani, mekundu yaliyokolea, yenye harufu inayokufikia ukiwa bado barabarani. Si kama haya ya kuuzwa, yenye shina refu na yasiyonukia kitu.

Siku moja nilikuwa nampaka maji ya waridi ya dukani usoni, akanusa chupa na kucheka. Alisema hiyo ni marashi na maji ya mfereji, na kwamba kwake maua halisi yanaanguka chini kila siku na hakuna anayeyaokota. Jumapili iliyofuata nilienda kuona. Nilikuwa nimeona kwenye simu jinsi watu wanavyotengeneza, basi nikamwuliza kama tunaweza kujaribu jikoni mwake. Akasema yeye ni mzee, hana la kufanya mchana kutwa, tujaribu.

Mara ya kwanza tuliunguza. Mara ya pili tuliweka moto mwingi, na maji yakatoka na harufu ya sukumawiki ya jana. Tulicheka mpaka akashika meza. Baadaye tukaelewa. Unachuma asubuhi kabla jua halijawa kali, unachukua majani ya ua peke yake, yale mekundu, na kutupa kikonyo. Unaweka jiwe safi katikati ya sufuria kubwa, unalizungushia maua, unatia maji yafunike maua tu, na juu ya jiwe unaweka bakuli. Kisha unafunika sufuria na kifuniko kilichogeuzwa chini juu, na juu ya kifuniko unaweka barafu. Moto uwe mdogo sana. Mvuke unapanda, unagusa kifuniko baridi, unageuka matone na kudondokea kwenye bakuli. Maua yakishapauka unazima. Ukiwa na tamaa ya kuongeza hata kidogo, unaharibu yote. Chupa lazima zichemshwe na kukaushwa, na maji yakae kwenye friji.

Mama, mimi sikuwahi kuwa na kitu changu kilichonipa furaha namna ile. Jikoni mwa yule mama nilisahau kwamba mimi ni mtu aliyeachwa. Alikuwa akinifundisha kusuka vikapu nikingoja sufuria, na mimi nilimfundisha kutengeneza mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, ingawa alisema inamkumbusha moshi wa shambani kwa mkwe wake. Baadaye akanipa ufunguo wa geti ili nichume mapema bila kumwamsha. Wanyoike, mtoto wake wa pekee, hakupenda. Alimwuliza mbele yangu kwa nini anagawa ufunguo kwa watu asiowajua. Mama yake akamjibu kwamba ananijua.

Chupa ya kwanza ya kila duru ilikuwa yake. Macho yake yalikuwa yakiwasha sana, hasa wakati wa mavuno, mashine za kupukuchua mahindi zikitoa lile vumbi. Alikuwa akilowesha pamba kwa maji yetu na kuiweka juu ya macho, wakati mwingine anadondosha kidogo ndani. Nilimwambia maji haya ni ya ngozi. Akasema yanampoza kuliko dawa aliyopewa, na hakuacha.

Kisha Sharon akamaliza chuo, hakupata kazi, ukaniambia nimchukue akae nami. Nilimpokea kwa moyo mmoja. Wewe mwenyewe unajua Sharon akiongea hata mawe yanasikiliza. Alipiga picha za chupa, akaziweka mtandaoni, akabandika karatasi nzuri yenye jina langu, Maji ya Waridi ya Vivian. Nilimwambia aweke jina lingine, akasema watu wananunua kwa mtu, hawanunui kwa kitu. Oda zikaja kutoka Kitale, Kapsabet, mpaka Nairobi. Nikawa na aibu tamu ya kuona jina langu likisafiri kuliko mimi.

Lakini maua ya ua mmoja ni maua ya ua mmoja. Hapo ndipo Sharon alinijia na habari kwamba kuna mtu anayeweza kumletea magunia ya waridi yaliyokataliwa kwenye shamba la maua, yale yaliyovunjika shina. Nilikataa. Nilimwambia maua yale yamenyunyiziwa dawa za wadudu tangu yalipochipuka mpaka yalipokatwa, na ukiyachemsha unachemsha na dawa. Alikasirika. Aliniambia nina akili ya kuosha nywele. Kesho yake akaomba msamaha, nikadhani yamekwisha.

Kisha wewe ukateleza zizini, Mama. Kipkoech alikuwa na lori safarini, Sharon akasema yeye hawezi kuona mtu akiumwa, basi nikaomba ruhusa kazini nikaja. Nilikaa kwako majira yote yale ya mvua. Nilikulisha, nilikuogesha, nilikubeba mgongoni mpaka chooni kwa sababu ulikataa kata kata kutumia beseni. Sikusemi, nakumbusha tu. Ulikuwa ukiniambia, "Vivian, wewe ndiwe mguu wangu sasa." Nililiweka neno hilo moyoni. Kabla sijaondoka Eldoret nilimwachia Sharon chupa zilizokuwa kwenye friji, nikamwambia azimalize hizo, na zikiisha awaambie watu wangoje.

Simu ilinikuta kwako, nikikukorogea uji. Unakumbuka niliacha mwiko ukaanguka. Mama Wanyoike alikuwa amelazwa hospitalini, macho yamevimba yamefunga kabisa. Nilipofika nilimkuta Wanyoike amesimama kwenye mlango wa wodi. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza. Alisema, "Nilimwambia mama yangu asiwape watu hawa ufunguo wa geti. Sasa umemaliza kazi iliyobaki mwaka ule." Mimi wakati wa fujo nilikuwa darasani, nimevaa sare ya shule ya msingi. Hakunikubalia kuingia.

Daktari alisema kuna kitu kikali kilichochoma kioo cha jicho. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto linaona mwanga na umbo la mtu, basi. Chupa iliyokuwa karibu na kitanda chake nyumbani ilikuwa na jina langu.

Kesho yake nilimkimbilia Sharon nikamwuliza. Aliapa kwa jina la marehemu Baba kwamba aliuza zile nilizoacha tu, na kwamba alimpelekea Mama Wanyoike moja kati ya hizo, kama kawaida yake. Alisema labda ilikaa sana, ikaharibika, au labda siku ile sikuchemsha chupa vizuri kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuja kwako. Alilisema kwa upole sana. Akanikumbatia. Akasema hakuna mtu atakayenilaumu kwa kosa la haraka.

Nikaamini, Mama. Ndivyo nilivyo. Nilianza kutafuta kosa langu. Kila nilipochemsha maji ya chai nilikuwa nikijiuliza kama ile chupa niliitoa mapema. Nilikumbuka siku ile mtu aliniita nje, nikajiuliza kama niliacha bakuli wazi. Nilikumbuka kikohozi. Nilikumbuka kitambaa nilichofutia. Hakuna kitu nilichokifanya katika jikoni lile ambacho sikukigeuza na kukichunguza mpaka kikaonekana kibaya.

Polisi waliniita. Niliwaeleza jinsi tunavyotengeneza, na nikawaeleza kwamba wakati huo wote sikuwa Eldoret, nilikuwa Moi's Bridge nikimwuguza mama yangu, kwa hiyo kama kuna chupa iliyotengenezwa wakati huo si mkono wangu. Nilisema hivyo kwa sababu ni kweli, wala sikuwa namtupia mtu mwingine. Wanyoike alikuwa amekaa pale. Nilimwambia aende kwako akuulize, maana hakuna mtu anayejua nilikuwa wapi kuliko wewe. Sikusikia tena kama alienda. Baadaye nilisikia kwamba Mama Wanyoike mwenyewe alikataa kesi isiendelee, akasema hataki kumfunga mtoto wa mtu. Wanyoike aliondoa lawama zake kwenye karatasi, hakuziondoa kwenye moyo. Aling'oa maua yote. Nilipita pale na kuona udongo mtupu kuzunguka ua, na mabaki yamerundikwa kando ya barabara, mbuzi wakiyachagua.

Saluni wakaniambia wateja hawataki niwaguse usoni, kisha wakaniambia hawataki niwaguse kabisa. Sasa nafua nguo za watu katika nyumba za Elgon View. Watu mtandaoni waliandika mambo ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi utakayoishika. Sharon yeye alirudi nyumbani kwako, akasema anahitaji kupumzika, na huko ndiko Murunga alimkuta, msafi, hana doa.

Krismasi nilikuja nyumbani. Nililia kwenye mapaja yako, nikakuambia kwamba mikono yangu imempofusha mama aliyenipenda. Uliniwekea mkono kichwani ukaniombea. Ulimwomba Mungu anisamehe makosa ya mikono yangu, yale ninayoyajua na yale nisiyoyajua. Sharon alikuwa pale kando, akasema amina. Nilirudi Eldoret nikiwa nimepata nafuu kidogo.

Sasa nifike kwa Kipkoech.

Alikuja wiki iliyopita kuniletea ujumbe wako. Nilimpikia ugali na mboga, akala kidogo, akasukuma sahani. Nilimwuliza kama anaumwa. Alisema, "Wamekutuma usimame umsifu mbele za watu. Mimi hilo siliwezi." Kisha akaniambia, akitazama sakafu muda wote, kama alivyokuwa akifanya alipokuwa mdogo na amevunja kitu.

Aliniambia kwamba siku ileile niliyokuwa nimesimama kwenye mlango wa wodi, Sharon alifika kwako akilia. Kipkoech alikuwa amerudi safarini, alikuwa nje ya dirisha la jikoni akimimina maziwa. Akamsikia Sharon akikueleza yote, akipaza sauti ili umsikie. Kwamba zile chupa nilizoacha ziliisha upesi, na oda zilikuwa nyingi. Kwamba alinunua magunia ya yale maua yaliyokataliwa, akayachemsha humu chumbani mwangu, kwenye sufuria yangu, na maji yakatoka hayana harufu, basi akatia marashi. Kwamba yalianza kuchacha, akaenda kwa mtu anayeuza vitu vya kutengenezea sabuni, akapewa dawa ya kuzuia kuoza, akaimwaga kwa kukisia. Na kwamba Mama Wanyoike aliulizia chupa yake, naye hakutaka yule mama ajue maua yanatoka kwingine, akampelekea moja akamwambia kwamba Vivian ndiye aliyemtumia.

Kipkoech anasema ulimwambia Sharon asilie. Ukamwambia asirudie maneno hayo kwa mtu yeyote, hata kwangu. Sharon akauliza, na Vivian je? Na wewe ukasema, "Vivian ameshaachwa na mume. Hana tena cha kuharibikiwa. Wewe bado."

Nililiandika neno hilo nikalifuta mara nyingi kabla sijaliacha hapo juu. Nilidhani labda Kipkoech alisikia vibaya, mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati. Nikamwuliza tena. Akarudia vilevile.

Akaendelea. Alisema Wanyoike alikuja. Alifika nyumbani kwetu kwa heshima, akavua kofia, ukampa chai. Akakuuliza kama ni kweli mimi nilikuwa kwako majira yale yote. Ulikuwa umeketi kwenye kile kiti nilichokufungia mito mimi mwenyewe, umevaa gauni nililolifua mimi. Ukamwambia kwamba nilikuwepo, lakini katikati nilirudi Eldoret karibu wiki nzima, nilisema nina oda za kumaliza.

Sikurudi, Mama. Hata siku moja sikurudi mpaka ile simu iliponikuta kwako. Mvua ilikata daraja la mtoni, hata lori la maziwa lilishindwa kupita, na wewe ulikuwa ukiniita kila wakati. Ungeweza kusema hukumbuki. Mtu wa umri wako, aliyevunjika nyonga, angeeleweka. Lakini uliitengeneza ile wiki, ukampa mgeni pamoja na chai. Na Krismasi ulipoweka mkono juu ya kichwa changu ukimwomba Mungu anisamehe, ulijua ni nani unayemwombea na ni nani anayesema amina.

Nimejaribu kukuelewa. Najua ulitulea peke yako baada ya Baba, najua jinsi watu wa kanisani walivyokuangalia Kigen aliponirudisha, na najua uliogopa kuona binti wa pili akikaa nyumbani. Najua ukifumba macho unamwona Sharon kama yule mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, uliyekuwa ukimweka kifuani ndani ya nguo apate joto. Nayaelewa hayo. Lakini kila nikiyapanga vizuri nafika mahali palepale, kwamba ulitupima wote wawili ukaona mimi ndiye wa kutupwa.

Nilimpigia Sharon. Aliniuliza nataka nini. Nikasema nataka aseme ukweli kwa yule mama. Akasema ninamwonea wivu kwa sababu ndoa yangu ilinishinda, na kwamba yaliyopita yamepita, jicho haliwezi kurudi hata akisema. Kisha akakata simu. Yeye huyo ndiye unayetaka nimsifu.

Jumamosi nilimwomba Kipkoech anisindikize mpaka Kapsoya. Wanyoike alitufungulia geti, akadhani tumekuja kuomba kitu, akataka kutufukuza, lakini Kipkoech akamwambia, "Mimi ndiye niliyekuwa nje ya dirisha. Nipe muda mdogo tu." Tukaingia. Mama Wanyoike alikuwa amekaa sebuleni, amejifunga leso kichwani, ameelekeza uso mahali sauti zetu zinapotoka lakini si hapo hasa, kidogo kando. Aliponisikia nikisalimia alishika mkono wa kiti.

Kipkoech alisema yote, hata yale yanayomhusu yeye, kwamba alinyamaza miezi hii yote kwa sababu wewe ni mama yake. Alipomaliza, Mama Wanyoike aliniuliza kama mama yangu ni mtu wa kanisa. Nikasema ndiyo, ni mzee wa kanisa. Akauliza umri wako. Nikamwambia. Akasema, "Tunalingana. Basi anajua macho ni kitu gani kwa mtu wa umri wetu." Nilitaka kumshika mkono, nikaona ameuficha ndani ya shuka, nikaacha. Tulipokuwa tunatoka aliniita kwa jina langu, akaniambia nirudi siku nyingine, leo hana nguvu ya kuwa na mimi. Sijui kama nitarudi. Sijui kama alisema hivyo kwa upendo au kwa adabu.

Wanyoike alitusindikiza mpaka nje. Aliniomba msamaha kwa lile neno la mlango wa wodi. Nilimkubalia, lakini sikuhisi chochote. Nilikuwa nimengoja sana kusikia maneno hayo, na yalipokuja hayakuwa na mahali pa kukaa. Kisha akampeleka Kipkoech kituo cha polisi, na Kipkoech ameandikisha maelezo na kuweka sahihi. Kwa hiyo polisi watafika nyumbani, Mama. Sikuandika haya nikutishe. Nimeandika ili wasikukute hujui, maana mimi najua ilivyo kukutwa hujui.

Sasa jibu langu. Sitakuja kwenye koito. Sitamtafuta Murunga kumwambia chochote, wala sitazuia mtu kuoa. Lakini akinitafuta yeye mwenyewe aniulize kwa nini sikuja, nitamwambia, kwa sababu nimechoka kuwa mahali watu wanapowekea mambo yao. Ukitaka kuniona, njoo Eldoret na Sharon. Nitawapokea, nitawapeleka Kapsoya, na nitakaa nje ya geti mpaka mmalize kusema kwa midomo yenu yale Kipkoech aliyoyasema kwa niaba yenu. Mkifanya hivyo kabla wageni hawajafika, nitarudi nanyi nyumbani na nitapika usiku kucha. Mkikataa, tafuteni mtu mwingine wa kupika.

Usimkasirikie Kipkoech. Ukimfukuza, atakuja kuishi nami hapa. Chumba ni kidogo lakini tutajipanga.

Dawa za maumivu ulizokuwa ukitumia nimempa Kipkoech akuletee, na marhamu ya kukanda nyonga. Ikande kutoka juu kwenda chini, usiruhusu mtu akukande kwa nguvu, mwili wako hautaki hivyo. Usiende zizini wakati wa tope. Nisalimie jirani zetu na wale wanawake wa kanisani waliokuja kukuona ulipokuwa mgonjwa kitandani. Kwa Sharon sina salamu.

Mungu akutunze, Mama. Namwomba hilo kwa kweli, ingawa nalisema kwa shida. Na ukiulizwa tena nilikuwa wapi majira yale ya mvua, sema nilikuwa kwako.

Mimi binti yako wa kwanza,
Vivian